Mashine Ilale Chini Kwanza

Ijumaa iliyopita nilirudisha kwenye stoo ya Lodwar kofia ngumu, miwani, buti zenye chuma mbele na ile suruali nene ya kazi. Karani wa stoo aliziangalia buti, akaiangalia miguu yangu, akaniuliza kama yote miwili ni ile niliyozaliwa nayo. Nilimwambia ndiyo, na vidole vya mikono vyote viko. Katika kazi yetu hiyo ndiyo medali, na si wengi wanaostaafu wakiwa wameivaa. Nyinyi mliobaki na misumeno yangu mlitaka niwaachie maneno. Haya hapa. Vyeo na mishahara sitaviandika, maana cheo changu kilikuwa kirefu na mengine yote yalikuwa mafupi.

Lakini mjue kwanza anayewaandikia ni nani. Nilizaliwa upande wa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, katika boma ambalo ukame uliliachia kamba za mbuzi bila mbuzi. Mjomba wangu alinipeleka Kitale nikiwa mdogo, akaniacha kwa mtu nimchungie ng'ombe. Shule niliitafuta mwenyewe. Karo niliilipa mwenyewe kwa kubeba mbao kiwandani, na mbao hizo hizo zikanifikisha chuoni nikapata diploma ya misitu. Hakuna aliyenishika mkono. Huko nilikozaliwa, wa rika langu mwenye diploma ya misitu ni mmoja tu, naye ndiye mnayemsoma sasa. Kama hayo ni majivuno, basi ni majivuno yenye muhuri.

Aliyenifundisha msumeno wa mnyororo, huu ambao Kenya nzima huuita pawasoo, alikuwa fundi mmoja wa kiwanda cha mbao nje ya Kitale, mzee Wafula. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu hata kuigusa kamba ya kuwashia. Alinifanya niilaze mashine chini na kuiinua, niilaze na kuiinua, mpaka jua likazama.

"Mashine ilale chini kwanza," alisema. "Ikiwa imelala, haina pa kukufuata."

Nilidhani ananidharau. Baadaye nilimwona mwenzetu Kiprono akiwasha ya kwake ikiwa inaning'inia. Mnaijua namna hiyo: mkono wa kushoto unaisukuma mashine ishuke, wa kulia unavuta kamba, na wote wawili hukutana hewani. Wengi huwasha hivyo na huonekana mafundi sana. Siku ile injini ilishika kwa kasi, breki haikuwa imefungwa, upanga wa mashine, ule unaobeba mnyororo, ukageuka na kuja gotini. Kiprono aliishi. Siku hizi ana duka la nafaka, na wateja wake hujichotea mahindi wenyewe kwa sababu goti halikunjiki.

Mwaka 2012 mradi mmoja wa kufyeka mathenge, ule mti wa miiba uliovamia kwetu, ulitafuta mwalimu wa msumeno aliye tayari kuishi Turkana. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kazini, na nilisema nitaumalizia nyumbani. Mke wangu alinisindikiza mpaka Lodwar. Alishuka kwenye basi, upepo ule wa moto kama wa jikoni ukampiga usoni, akaniambia kwa upole kwamba atanisubiri Kitale. Watoto walikuwa wameshajitegemea. Nilipanga chumba cha mabati, nikanunua jiko, sufuria moja na kikombe kimoja. Nilifikiri vingine nitaongeza nikianza kupata wageni.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Namoruputh nimevaa tai. Nilitaka wanione. Nilimkuta mama mmoja mzee aliyemkumbuka baba yangu, nikamsalimu, "Ejok?" Akaitikia vizuri. Kisha nikafungua mdomo kueleza mimi ni nani, na watoto wakaangua kicheko, kwa sababu Kiturkana changu kilikuwa kimekaa Kitale kuliko mimi mwenyewe. Mmoja akanionyesha kidole akasema, "Emoit." Maana yake mgeni, na kwa Kiturkana neno hilo hilo ndilo adui. Mama alimkemea, akanipa maziwa. Nilikunywa, nikashukuru, nikarudi Lodwar na tai yangu mfukoni.

Kikosi changu cha kwanza nilikipatia kando ya mto Turkwel. Mwaka ule kila kijana wa Lodwar alizungumzia mafuta yaliyopatikana kusini na alitaka kuendesha gari la kampuni, kwa hiyo waliokuja kwangu walikuwa watu wazima ambao mathenge umewaumiza. Mti huo nyinyi mnaujua. Uliletwa uzuie mchanga, ukazuia kila kitu. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, na huwaozesha meno mpaka mbuzi anakufa njaa huku amesimama kwenye chakula. Mwanakikosi wangu wa kwanza, Ebei, mtu wa rika langu, alikuja na fuvu la mbuzi wake asiye na meno, akaliweka mbele yangu.

"Diploma," alisema, na jina hilo likanikaa tangu siku hiyo, "wewe unajua kuua huu mti?"

"Najua kuua mti wowote."

"Basi mimi nakuja."

Ebei alivaa kisu cha mkononi cha wazee wa Kiturkana, lile duara la chuma linalozunguka kifundo cha mkono, makali yakiwa nje na kufunikwa na ala ya ngozi. Nilimwambia akivue. Alinijibu kwamba hajakivua tangu aoe. Nilikuwa nimeshaandaa somo zima la usalama, nimesoma vitabu, nimefundisha watu wa kila kabila la nyanda za juu, lakini kisu cha aina hiyo hakikuwa katika kitabu chochote. Nikaliacha jambo hilo kwa heshima. Asubuhi hiyo alikuwa amekata nyama ya kiamshakinywa na ala aliisahau. Akainama kama nilivyomwelekeza, akavuta kamba kwa nguvu za mtu mwenye kisasi, na kamba ilipokuwa ikirudi ikapita kwenye makali. Alibaki na mpini mkononi. Kipande kingine kilikimbilia ndani ya mashine kama panya.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ebei alikiangalia kile kimpini.

"Diploma, kamba yako iko mbaya."

"Kamba yangu haina ubaya. Vua kisu."

"Nunua kamba ya chuma."

Siku hiyo nzima niliitumia kufungua mashine na kutia kamba nyingine, Ebei akikaa kando kunielekeza kazi asiyoijua. Kesho yake alikuja na alama nyeupe kwenye kifundo, pale kisu kilipokuwa kimekaa. Nikampa mashine. Tangu hapo, jambo la kwanza katika masomo yangu ni hili: vua kila kilicho mkononi, na shuka unayojifunga begani uitundike kwenye mti. Shuka ikishikwa na mnyororo haikupi nafasi ya kufungua fundo.

Shida ya pili ilikuwa mchanga, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mashine lazima ilale chini, lakini chini yetu ni mchanga tupu, na mchanga ukiingia kwenye mnyororo unakula makali kabla hujaukata mti. Kwa hiyo mafundi wa huku huwasha hewani, na wana sababu, si ujinga. Nililifikiria jambo hili kwa siku kadhaa nikiwa peke yangu chumbani, maana sikuwa na lingine la kufikiria. Kisha nikaamuru kila mtu abebe kipande cha ngozi kavu ya ngamia, kigumu kama ubao, akitandike, ailaze mashine juu yake. Ubunifu huo ni wangu. Ebei alilalamika kwamba kuna watu hawana ngozi ya kulalia na mimi naitandikia mashine, lakini ndiye aliyetuletea ngozi.

Mwanzoni mwa 2013 nilihamishiwa Kakuma, ambako mathenge ulikuwa umeziba kingo za laga ya Tarach, mto wa msimu, na njia zote za kwenda kwenye kambi ya wakimbizi. Ebei alikuja nami. Kikosi kilikuwa cha mchanganyiko, wenyeji na wakimbizi, na Kiswahili kilichozungumzwa humo hakuna mwalimu angekipa alama. Kilitosha. Jioni, wenyeji walikwenda kwao, wakimbizi wakaenda kwao, nami nikaenda kwenye chumba changu karibu na soko. Redio ilinisalimia kwa Kiingereza. Kuna siku za Jumapili nilizopitisha bila kutoa sauti yoyote, na Jumatatu nilipoita kikosi nilistuka kuisikia.

Aliyekuja kunitoa humo ni Majok. Alikuwa Msudani Kusini aliyekulia kambini, mrefu sana, mpiga ngoma wa kanisa lao, na mkono bora wa msumeno niliopata kuufundisha. Jumapili moja baada ya ibada alisimama mlangoni kwangu, ameinamisha kichwa kwa sababu ya kizingiti.

"Mwalimu, kef?"

Nilikuwa nimeshajifunza kujibu kwa Kiarabu chao kwamba ni mzima. "Kwes."

"Hapana kwes. Mtu hapana kwes na kikombe moja." Alikuwa amekuja na cha kwake.

Baada ya hapo alikuja kila Jumapili. Alitia sukari kana kwamba kuna mtu anaikataza. Alinieleza kwamba mkewe na watoto wameshavuka mpaka wa Nadapal kurudi Sudan Kusini, sasa wana nchi yao, na yeye amebaki atafute ufundi wa kwenda nao. Binamu yake alikuwa kwenye misitu ya misaji ya Equatoria, kusini mwa nchi hiyo. Kule walihitaji watu wa msumeno, lakini wenye cheti tu. Cheti chetu kilitambulika kule, na cheti chetu kilikuwa na sahihi moja, yangu.

"Nikipata hiyo karatasi, naenda," aliniambia. "Mtoto wangu ya mwisho hapana jua mimi. Kwa simu ananiita mjomba."

Nami nilimweleza mambo yangu: chuo, Kitale, watu niliowafundisha. Alisikiliza hadithi za diploma yangu mara nyingi kuliko mke wangu, na aliuliza maswali.

Siku ya mtihani ilikuwa kavu na ya moto. Mkuu wa mradi, Madam Wanjiru, alikuwa amekuja kutoka Lodwar kuangalia, na kikosi chote kilisimama kivulini. Majok alikuwa wa mwisho, kwa hiyo mashine ilimfikia ikiwa imechemka. Alitandika ngozi, akafunga breki, akatia ncha ya buti ndani ya mpini wa nyuma, akakamata mpini wa mbele kwa mkono ulionyooka. Vizuri kabisa. Lakini alivuta choki. Injini iliyochemka haitaki choki. Unaipa petroli ambayo haikuomba. Alivuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena, kimya. Harufu ya petroli ikatufikia kivulini.

"Majok, ipigie ngoma!" Ebei alipiga kelele. "Labda ni ya kanisa!"

Watu wakacheka. Majok alivuta na kuvuta, jasho likimwingia machoni. Kisha akasimama wima, na urefu ule wote ukaonekana. Akaitoa choki, akafungua breki, akaiinua mashine kwa mkono mmoja, akaitupa chini huku akivuta. Ikawaka papo hapo. Kikosi kikashangilia. Aliishika juu, ikinguruma, akinitazama kwa furaha kama mtu aliyefika kwao.

Niliandika kwamba hakufaulu.

Madam Wanjiru alinivuta kando. "Mwalimu, iliwaka au haikuwaka?"

"Iliwaka, Madam."

"Mti aliukata?"

"Aliukata vizuri kuliko wote."

"Sasa tatizo ni nini? Huyu mtu anangoja kwenda kwa watoto wake."

"Nataka aende kwa miguu miwili."

"Ni mara moja tu. Alikuwa na wasiwasi."

"Kule misajini atakuwa na wasiwasi kila siku, na mimi sitakuwepo. Madam, mimi nina diploma. Kama sahihi yangu inaweza kuombewa msamaha, basi tafuta sahihi nyingine."

Alisema mtihani unaweza kurudiwa kabla hajafunga ripoti ya robo ya mwaka, na baada ya hapo mafunzo ya Kakuma yatakuwa yamekwisha. Aliingia kwenye gari.

Majok hakungoja nimwite. Alikuja moja kwa moja, kofia mkononi.

"Ebei aliwasha juu mwezi jana. Wewe uliona."

"Ebei sikumpa cheti. Nilimnyang'anya mashine wiki nzima."

"Hapana. Mimi najua." Aliongea polepole, na kikosi kilisikia kila neno. "Wewe unataka nikae. Unanifelisha ndio usikunywe chai peke yako."

Hata Ebei aliangalia mchanga. Niligeuka nikaanza kukusanya mashine, maana hiyo ndiyo kazi ya mwalimu baada ya mtihani. Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Kuhusu cheti alikosea. Kuhusu chai hakukosea.

Jumapili iliyofuata nilichemsha maji ya vikombe viwili, cha kwake alikuwa amekiacha kwangu. Hakuja. Iliyofuata nikachemsha ya kimoja. Kazini alifanya alichoagizwa na kuitikia "sawa", neno ambalo hakuwa amewahi kulitumia na mimi. Wale wa kambini wakaacha kukaa nami wakati wa kula. Wenyeji nao walikuwa na mambo yao, na mimi kwao nilikuwa yule yule, mtu wa Kitale mwenye Kiturkana cha kuchekwa. Nilikula nimekaa kwenye gogo nikiuangalia mathenge. Ni mti ambao haupendezi kuangalia.

Ebei alinivumilia kwa siku kadhaa, kisha akaja akachuchumaa karibu na gogo langu.

"Diploma, mpe tu huyo mtu karatasi."

"Ukimpa mtu mbuzi mgonjwa ukamwambia ni mzima, utakuwa umempa nini?"

"Nitakuwa nimempa mbuzi," alisema Ebei. "Atajua mwenyewe." Alitafuna kijiti chake cha mswaki cha esekon. "Basi kama hupei karatasi, nenda umfundishe. Unakaa hapa kama bibi ya pili."

Alikuwa na njia yake ya kutoa ushauri. Siku za ripoti zilikuwa zinakaribia. Kwa hiyo mchana mmoja wa mapumziko, jua likiwa utosini, niliibeba mashine begani, ngozi kwapani, nikaingia kambini. Watu walinitazama, mtu mzima hatembei Kakuma saa hizo bila sababu. Nilimkuta Majok nyuma ya nyumba yake ya udongo, anasonga ugali wa mtu mmoja. Aliniona, akaendelea kusonga.

"Nimekuja na moto ule ule wa siku ya mtihani," nilimwambia. "Kwenye ubaridi hata mimi naweza kukufaulisha."

Nilitandika ngozi juani, nikaiwasha mashine mwenyewe kwa utaratibu wake, nikaiacha ichemke sana, nikaizima. Nikasogea, nikamwonyesha mpini. Alimaliza kusonga. Halafu aliinuka, akafunika ugali, akaja.

"Nikifaulu, naondoka kesho yake," alisema.

"Najua."

"Hapana ngoja hata Jumapili."

"Najua, Majok."

"Na bado wewe nafundisha mimi?"

"Diploma yangu sikuipata ili nifundishe nusu."

Basi nikamfundisha, na nyinyi pia mlishike hili, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi huku kwetu. Mashine iliyochemka usiivutie choki. Ilaze chini, funga breki, kanyaga mpini, vuta kamba taratibu mpaka uisikie inashika, ndipo uvute kwa nguvu, kifupi. Ikikataa, usishindane nayo. Ikiwa imelewa petroli, iondoe juani, choki iwe nje ya kazi, breki ikiwa bado imefungwa, bana kifyatulio cha mafuta mpaka mwisho, uvute mpaka iteme ilichokunywa. Itakohoa, itatoa moshi, itawaka. Ikiwaka, achia mafuta mara moja itulie. Na petroli ujazie mbali na pale unapowashia. Hakuna siri nyingine. Kinachomfanya mtu aiinue hewani si ugumu wa mashine. Ni macho ya watu.

Nilimleweshea mashine kwa makusudi, akaizindua. Nikailewesha tena. Alipokuwa amechoka, nilianza kumcheka kwa sauti, nikaita majirani waje nao wamcheke. Walikuja kwa furaha. Watoto waliiga anavyoinama, makalio juu. Mama mmoja alimuuliza kwa Kiarabu cha Juba kama anaiombea hiyo mashine. Majok alinyanyua uso mara moja, akanitazama, nikaona kwamba ameelewa kwa nini nimewaita. Akafunga breki. Akakanyaga mpini. Akavuta, akiwa ameinama, kicheko kikimmwagikia mgongoni, mpaka ikawaka.

Tuligawana ule ugali wa mtu mmoja. Ulikuwa umepoa.

Mtihani wa pili Madam Wanjiru hakuja, aliniachia. Nilimpanga Majok awe wa mwisho tena, na nikahakikisha mashine imechemka kuliko ya mara ya kwanza. Ilimkatalia. Aliibeba mpaka kivulini pamoja na ngozi yake, akailaza, akafanya kila hatua bila haraka, kama mtu aliye peke yake porini. Ebei alitukana mashine, alimtukana Majok, alinitukana mimi. Ilipowaka, Majok alibaki ameinama kidogo, akaisikiliza mpaka ikatulia, ndipo akasimama.

Niliweka sahihi hapo hapo, juu ya tanki la petroli. Mkono wangu una mwandiko mzuri, chuoni walinisifu.

Aliondoka kesho yake, kama alivyosema, juu ya lori la kwenda Lokichoggio. Kulikuwa na magodoro, masufuria na watu wengi wanaorudi kwao, wote wakiongea kwa pamoja. Aliniita "Mwalimu" kutoka juu, akasema jambo jingine ambalo injini ililimeza. Nikapunga mkono. Lori lilipokwisha kuondoka nilibaki kidogo pale stendi nikijifanya nasubiri gari, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Kikosi cha Kakuma kilivunjwa muda si mrefu. Nilirudi Lodwar, nikafundisha darasa langu la mwisho, nyinyi. Ebei alirudi kwa mbuzi wake. Tukikutana sokoni tunasalimiana, ananiuliza hali ya kamba.

Mke wangu anauliza nitarudi lini Kitale, nami namwambia bado nafunga mizigo. Mizigo ni sufuria moja. Ukweli ni kwamba sijaamua kwetu ni wapi, na mtu wa umri wangu huona haya kuuliza njia.

Jumanne hii simu iliita, namba ya nje. Ilikuwa sauti ya Majok, na nyuma yake upepo kwenye majani makubwa. Aliniambia yuko misajini na mkewe hajambo. Mtoto wa mwisho sasa anamwita baba, ingawa anamwita kwa mashaka. Nikamuuliza kazi.

"Kazi iko. Lakini Mwalimu, hapa watu wote nawasha juu. Wote. Mimi peke yangu nainama. Wananiita mwanamke. Wananiita mzee. Msimamizi anasema nachelewesha."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi hapana sema. Ni ngumu, kuwa mmoja."

Hilo halikuwa katika diploma yangu. Nilimwambia tu, "Ni ngumu. Najua."

Mtu alimwita kwa ukali. Majok aliniambia nisubiri, nisikate, nikasikia simu ikiingia mfukoni. Nilisikia nguo, hatua kwenye majani makavu, sauti za vijana. Mmoja alisema kitu na wengine wakaangua kicheko, kicheko kirefu, cha watu wanaomwona mtu mrefu akiinama. Kisha mlio mdogo wa breki ikifungwa. Kamba ikavutwa mara moja, taratibu. Ikavutwa tena kwa nguvu.

Iliwaka. Kicheko sikukisikia tena, mashine ilikifunika. Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikingoja aizime aniage.

Hakuizima. Alikuwa kazini.